Mnunuzi Asile kwa Muuzaji

Anayesema njaa ni ya tumbo tu, mwache aseme. Huyo hajaishi peke yake. Ananie alikuwa na chakula. Alikuwa na chumba cha matofali katika mtaa wa Vulamba, mbabula ya makaa ya kupikia, sufuria mbili, na mchele ndani ya ndoo yenye kifuniko ili panya wasiufikie. Alichokosa ni mtu wa kumwambia "ongeza kidogo." Na neno hilo, jamani, hakuna duka linaloliuza Butembo, mji ambao watu wake wanauza kila kitu.

Kwa hiyo aliishi kwa kungoja Jumanne.

Alikuwa mkubwa wa manunuzi katika kampuni ya Mapambazuko, ile ya Mususa inayosaga unga wa uji wa watoto wachanga. Ukubwa huo usikutishe: idara nzima ilikuwa yeye, meza moja, mizani na pikipiki. Jumanne alipanda Vuhovi kununua mahindi, Alhamisi alikwenda Beni kununua soya. Miaka kumi na minane alifanya hivyo. Aliuma punje kwa jino la pembeni, akasikia inavyovunjika, akakuambia kama imekauka au bado. Alikosea mara chache, na alipokosea alikubali.

Kule Vuhovi kuna desturi, na asiyeijua hajanunua mahindi huko: mfuko haufunguliwi kabla ya sahani. Mnunuzi akifika anaingia jikoni, anakaa, anakula, anaulizwa habari za barabara na za watu wake, ndipo mizani inatolewa. Ukikataa kula, umesema nyumba ile si safi. Hawatakujibu vibaya, la. Watakuuzia, watakuaga vizuri, na mavuno yanayofuata utakuta mahindi yamekwenda kwa mwingine.

Ananie alikuwa amekula katika nyumba nyingi. Lakini nyumba ambayo aliifikiria tangu Jumamosi, akihesabu siku kwa vidole, ilikuwa moja tu: ya Mama Vagheni, mjane mwenye shamba kubwa la mahindi na mdomo usio na mlango.

Sababu ilikuwepo. Mwaka ule wa Ebola, Victoire, mke wa Ananie, alikwenda Beni kumwuguza dada yake, akafia huko. Walimzika watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani mpaka miguuni. Ananie alisimama nyuma ya kamba, mbali, akaonyeshwa msalaba wenye jina. Akapimwa joto siku ishirini na moja, akapewa karatasi ya kusema hana ugonjwa. Karatasi! Aliporudi Butembo akawa anaionyesha, na watu wakaisoma kwa mbali, wakamwambia pole, wakamwachia benchi. Kanisani alikaa peke yake kwenye benchi ya watu wanane. Huko Vuhovi nako mizani ikaanza kutolewa nje, mapema, bila sahani.

Ni Mama Vagheni aliyetoka mlangoni na mwiko mkononi, akapaza sauti mpaka majirani wakageuka.

"Ee, Ananie! Tangu lini weye unasimamaka inje? Bugali iko napoa. Ingia!"

Aliingia. Mama alikuwa amemnunulia sahani ya bati, ya bluu, yenye ukingo mweupe. "Hii ni ya kwako," akasema bila kuzungukazunguka. "Miye niko na woga, sitakudanganya. Njo maana kila mutu na sahani yake. Lakini tutakula pamoja." Woga huo uliosemwa wazi, Ananie aliupenda kuliko pole zote za mjini. Alikula akilia, na Mama akajifanya ni moshi. Ebola ikaisha, woga nao ukaisha, sahani ikabaki yake. Ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na mjukuu yeyote aliyeigusa alisikia maneno.

Ndipo ikaja norme, yaani kanuni za ubora.

Monsieur Paulin, mkurugenzi, alikuwa amepata mteja mkubwa wa unga, mteja wa mahospitali, na mteja huyo hakutaka kusikia habari za jino la mtu. Alitaka norme: kila gunia lijulikane limetoka wapi, limepimwa na nani, kwa karatasi. Basi akaajiriwa Abigaïl, injinia, binti wa palepale Butembo, mwenye akili nyingi na haraka nyingi. Usimchukie mapema. Alimweleza Ananie taratibu kwamba kuna kuvu linaloota katika mahindi yenye unyevu, na kuvu hilo linaacha sumu isiyoonekana, na sumu inaharibu ini la mtoto pole pole.

"Tata Ananie, jino yako ni ya nguvu, nakubali," alisema, akimwita Tata, yaani baba. "Lakini hii kitu jino haiwezi kuisikia."

Ananie aliwaza watoto wote waliokunywa uji wake kwa miaka kumi na minane. Hakuipinga norme. Hilo lijulikane. Aliitaka.

Mkutano wa kupitisha vifungu ulifanyika ofisini, na wageni wawili wa mteja wakiwa na kompyuta zao. Kifungu cha saba: mnunuzi asipokee kitu chochote kwa muuzaji, si zawadi, si kinywaji, si chakula. Hapo Ananie akageuza ukurasa. Kifungu cha tisa: sampuli zipelekwe maabara Beni kwa nambari, bila jina, na daftari la majina abaki nalo Abigaïl peke yake. Vizuri. Kifungu cha kumi na mbili: mahindi yahifadhiwe ndani ya nyumba yenye sakafu safi, mbali na moto na moshi.

Ananie aliinua kichwa. Kule Vuhovi mahindi hukaa jikoni, juu ya uchaga wa miti uliojengwa juu ya moto. Moshi unapanda kila siku, unayakausha, unafukuza wadudu. Bibi zao walifanya hivyo, na mahindi yao yalilia kama kokoto ukiyamwaga. Alifungua mdomo.

"Una jambo, Ananie?" aliuliza Monsieur Paulin, akitazama saa.

Wageni waligeuka kumtazama. Ananie akaona viatu vyake chini ya meza, vina udongo wa Vuhovi, na vyao vinang'aa. Akajiona mshamba anayetaka kuwafundisha watu wa diploma habari za moshi.

"Hapana, Patron. Tuendelee."

Akatia sahihi, mkubwa wa manunuzi, kwa herufi nzuri. Loo! Mtu anaweza kupita katika barabara ya Beni wakati wa risasi asiogope, halafu akaogopa viatu vyake mwenyewe.

Yeye ndiye aliyevitafsiri vifungu kwa Kiswahili, na yeye ndiye aliyevisoma mbele ya wauzaji wote, kwenye uwanja wa kanisa la Vuhovi. Alipofika kifungu cha saba, mzee Mathe, aliyeuza mahindi tangu Ananie hajaota ndevu, akacheka kwa sauti.

"Kama hatakula kwetu," akasema, "atatujua namna gani?"

Watu wakacheka wote. Mama Vagheni hakucheka. Aliuliza tu swali moja, kuhusu kifungu cha kumi na mbili: nyumba ya saruji aliyojengewa na mwanawe, je, ile inafaa? Ananie akasema inafaa. Alisema inafaa! Maneno hayo yalikuja kumkaa kooni baadaye, lakini siku ile yalitoka laini kabisa.

Jumanne iliyofuata alisimama nje ya jiko lake na mizani mkononi.

"Ingia, bugali iko tayari."

"Mama, ile kifungu ya saba."

"Hicho kifungu kiko na tumbo? Kinasikiaka njaa?"

"Watanifukuza, Mama."

Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa inatoka mlangoni, na Ananie akageuza uso upande wa barabara. "Basi," akasema Mama. Akaingia ndani, akawaambia wajukuu walete mifuko. Walipima, wakaandika, wakaagana kwa mikono. Ananie alisukuma pikipiki hadi ng'ambo ya barabara, akakaa juu ya jiwe, akala mkate na parachichi. Hakumaliza. Mkate ulikuwa mzuri, kosa halikuwa la mkate.

Miezi ikapita hivyo. Kila nyumba alisimama nje. Hakuna aliyemuuliza tena habari za barabara, maana habari za barabara huulizwa mtu aliyekaa. Jioni, Vulamba, alifungua redio ili asikie mtu akisema, akapika wali wa mtu mmoja, na wali wa mtu mmoja siku zote unaungua au unabaki. Mara moja alijikuta anaiambia sufuria, "Ongeza kidogo." Akacheka mwenyewe, kisha akaona si jambo la kucheka.

Alhamisi, baada ya kununua soya na kupeleka sampuli, alipita kwa Elsa, binti yake, aliyeolewa Beni. Elsa alimpenda baba yake, lakini nyumba yake ilijaa ndugu za mume waliokimbia vijiji vyao. Watu kumi na sita na mlango mmoja. Ananie alipewa kiti pale penye mlango, na kila aliyepita alimwomba samahani. Mtoto mmoja akauliza, "Huyu ni nani?" Elsa, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akajibu, "Ni Tata wa Butembo." Tata wa Butembo akanywa chai yake haraka, akasema barabara haimngoji mtu, akaondoka.

Mavuno ya pili yalipokuja, alipeleka Beni mifuko midogo ishirini na mitatu yenye nambari tu. Alhamisi ya pili alirudi kuchukua majibu. Yule wa maabara alimpitishia karatasi dirishani, akagonga mstari mmoja kwa kalamu.

"Nambari kumi na saba, hii hapana. Iko mubaya sana. Sumu imepita kipimo mara nne."

Ananie alitia sahihi pa kusema muuzaji huyu atolewe kwenye orodha. Alitia kwa mkono thabiti, tena akasema, "Afadhali tumeiona. Ingeingia ndani ya mtoto." Njiani akirudi aliona kazi ina maana. Alifika Mususa, akampa Abigaïl karatasi. Abigaïl akafungua daftari lake, akashusha kidole mpaka kumi na saba, akasoma jina.

"Vagheni. Wa Vuhovi. Unamujua?"

Ananie alitoka nje akasimama karibu na mashine ya kusaga, mahali ambapo kelele ni kubwa na mtu hawezi kuulizwa kitu.

Barua aliipeleka mwenyewe Jumanne. Mama Vagheni aliisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge. Ilipoisha, akalirudia neno la barua, fournisseur, yaani muuzaji, kisha akauliza:

"Kwa hiyo miye si fournisseur tena?"

"Hapana, Mama."

"Na kifungu ya saba kinasema mununuzi asikule kwa fournisseur."

"Ndiyo."

"Basi ingia, ukule."

Hivyo ndivyo alivyorudi jikoni. Sahani ya bluu ilitoka kwenye msumari, ikapanguswa, ikajazwa bugali ya muhogo na maharagi. Ananie alikaa kwenye kigoda chake, na mwili wake wote ukalegea. Akatupa macho juu, kama alivyozoea, bila kufikiri. Uchaga ulikuwa mtupu. Miti myeusi tu, na kapu moja la mbegu.

"Mama, mahindi yalikuwa wapi?"

Mama Vagheni akasimama kwa fahari yote aliyobaki nayo, akampeleka nyuma, akafungua kufuli ya nyumba ya saruji. Sakafu ilikuwa imefagiwa vizuri. Dirisha halikuwepo. "Vile ulisoma," akasema. "Mbali na moshi. Nilitoa yote kule juu, nikaleta huku. Hakuna mutu hata mumoja alifuata kama miye." Ananie akaweka kiganja ukutani, na kiganja kikarudi kimelowa.

Akajua. Pale pale akajua kila kitu. Angekuwa amekula jikoni Jumanne moja tu ya miezi ile, angetazama juu, angeona uchaga mtupu, angeuliza. Maneno ya mzee Mathe yakamrudia. Akafungua mdomo, kama siku ile ya mkutano, na kama siku ile ukajifunga.

Maana alifanya hesabu, na hesabu haikuwa ngumu. Akisema kosa ni la norme, Mama atarudishwa kwenye orodha. Akirudishwa, kifungu cha saba kitarudi naye, na sahani itarudi msumarini. Asiposema, atakula pale kila Jumanne mpaka mmoja wao afe.

"Uko nawaza nini? Kuya, ongeza kidogo," alisema Mama Vagheni.

Ananie akanyoosha sahani.

Jumanne nne alikula. Nne! Simtetei. Alikuja saa sita, akamaliza kazi kwa wengine akiwa amesimama nje ya milango yao, kisha akaingia kwa Mama Vagheni kama mtu aliyefika nyumbani. Walizungumza habari za Victoire, za mvua, za mchungaji anayehubiri mpaka watoto wanalala. Usiku Vulamba alilala vizuri. Dhamiri ilimgonga, akaiambia ingoje, akaigeukia upande wa ukuta.

Jumanne ya tano alikuta moto ni mdogo na Mama amekaa bila kazi, jambo ambalo hakuwa ameliona kamwe. Pembeni palikuwa na sufuria kubwa ya uji, imejaa mpaka juu, uji umeshaganda.

"Nini hii, Mama?"

"Juzi, siku ya Mungu, ilikuwa zamu yangu ya kupikia batoto ya kanisa. Nikapika mahindi ya kununua, nikapeleka." Alisema polepole, akitazama sufuria. "Hata mutoto mumoja hakukunywa. Bamama zao balibakataza. Beko nasema mahindi ya Vagheni iko na sumu ya batoto. Sufuria ilirudi vile ilienda."

Ananie akachuchumaa karibu na sufuria.

"Labda ni kweli," Mama akaendelea. "Labda nimezeeka, mikono haijue tena. Miaka yote ile sikuozesha hata punje. Mwaka huu sipande. Nitaacha shamba." Akainuka, akaitoa sahani ya bluu. "Weye tu njo unakulaka kwangu sasa. Wasingya, mwanangu."

Wasingya, yaani asante. Alimshukuru! Ananie alishika ile sahani, akakumbuka benchi ya watu wanane. Kuna mtu alitoka mlangoni siku ile na mwiko, mbele ya majirani, wala hakungoja kuambiwa. Na yeye alikuwa amekaa hapa Jumanne nne, akila aibu ya mwanamke huyo, akiongezwa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Aliila ile bugali yote, hakubakiza kitu, akijua anakula kwa mara ya mwisho. Kisha akaweka sahani chini.

"Mama, mahindi yako haikuoza sababu ya mikono yako. Ilioza sababu yangu. Kifungu ya kumi na mbili ni miye nilitia sahihi. Nilijua uchaga inakaushaka, na sikusema. Niliona haya mbele ya bakubwa. Na tena, tangu ile siku niligusa ukuta yako, najua. Nimekula hapa mara ine, najua, ninanyamaza."

Mama Vagheni alimtazama mpaka Ananie akatamani apigwe.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu ya hii," akasema, akagusa sahani.

Kesho yake aliandika ripoti, kurasa mbili, akampelekea Abigaïl. Abigaïl aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Tata, ile siku ya mukutano, juu ya nini hukusema? Miye nilikulia mujini, uchaga sijaonaka hata siku moja!"

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo," alisema yule binti, na macho yake yakajaa maji. "Halafu ningeandika."

Norme ikarekebishwa. Mahindi yakaushwe juu ya uchaga hadi yafike kipimo, ndipo yaingie mifukoni. Na mahali yanapokaa pakaguliwe kila mwezi, ndani ya jiko lenyewe. Ananie alijikuta anatabasamu aliposikia "ndani ya jiko." Abigaïl akashusha macho. Mkaguzi hawezi kuwa mnunuzi, akasema, atakwenda yeye mwenyewe Abigaïl. Na kifungu cha saba je? "Hicho hakiguswi, Tata. Mteja anakiulizaka cha kwanza." Ananie akasema anaelewa, na ubaya ni kwamba alielewa kweli.

Alisoma marekebisho palepale kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, wauzaji na akina mama wote wakiwepo. Alisema kosa lilikuwa la idara ya manunuzi, na idara ya manunuzi ni yeye. Alisema jina la Mama Vagheni mara tatu ili lisafike mahali pale pale lilipochafuliwa. Kulikuwa na uji siku ile, tena wa mahindi ya kununua. Mzee Mathe alisimama wa kwanza, akachukua kikombe kutoka kwa sufuria ya Mama Vagheni, akanywa huku akiwatazama wale akina mama mmoja mmoja. Watoto wakamfuata.

Mama Vagheni alimsindikiza Ananie hadi kwenye pikipiki. Tangu siku ile ya jikoni hakuwa amesema naye.

"Sasa utakula wapi?" akauliza.

"Nitakula, Mama."

"Nimekuuliza wapi."

Ananie akavaa kofia yake ya pikipiki, akahangaika na kamba yake, akawasha injini.

Mama Vagheni alipanda tena shamba lake. Mahindi yalipovunwa yalipanda kwenye uchaga, na Beni yakapita bila neno. Jumanne ya kununua ilifika. Abigaïl alikuja naye, akaingia jikoni na daftari lake na kipimo chake, na Ananie akamsikia kutoka nje anakohoa moshi, na Mama akimwambia, "Inama, binti, moshi hautafutaki mutu mufupi." Wakacheka wote wawili ndani. Ananie alikuwa ananyoosha mizani ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

Walipima, wakaandika. Mama Vagheni alimpa mkono kama anavyopewa mnunuzi. Abigaïl akaondoka na pikipiki ya kukodi kwenda kukagua nyumba nyingine. Ananie alisukuma pikipiki yake ng'ambo ya barabara, akakaa juu ya lile jiwe, akatoa mkate.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama Vagheni alitoka na kigoda chini ya kwapa na sahani mbili mikononi. Akaweka kigoda nje, akitazama barabara, akakaa. Sahani ya bluu, iliyojaa mpaka ukingoni, akaiweka chini upande wake wa kulia, pale ambapo mtu mwingine angekaa. Ile nyingine akaipakata magotini. Hakumwita. Alingoja tu, mkono juu ya bugali, mpaka Ananie alipoelewa na kuuma mkate wake. Ndipo na yeye akaanza kula.

Walikula hivyo, barabara katikati, pikipiki na mbuzi za watu zikipita. Ananie safari hii aliumaliza mkate wote.

Alipopangusa mikono, Mama Vagheni alisimama. Akaziokota sahani zote mbili, moja tupu na moja imejaa, akaingia ndani.